Tumetimia

Alhamisi, 2 Oktoba

Mvua imeanza leo asubuhi na barua imekuja nayo. Binti yangu aliisoma akiwa amesimama mlangoni, koti hajalivua, maji yakimdondoka kwenye kola. Kuanzia msimu huu, mtu aliyekaa hapa zaidi ya miaka kumi haruhusiwi kuingia na mkalimani kwenye usaili wa ukaazi. Mimi nimekaa thelathini na minne. Siku yangu ni tarehe 11 Desemba: maswali ya kawaida, kisha dakika tatu za kusimulia tukio moja la maisha yangu kwa lugha ya hapa, bila karatasi mkononi.

"Utajifunza, baba."

"Nina miaka sabini na miwili."

"Sikukuuliza umri."

Amekuwa mkalimani wangu tangu alipokuwa na miaka saba. Alisimama kati yangu na daktari wa meno, kati yangu na mwenye nyumba, kati yangu na fundi wa bomba. Siku mama yake alipokata roho, ni yeye aliyenitafsiria maneno ya daktari, neno kwa neno, sauti imetulia, na alipofika mwisho wa sentensi ndipo akaanza kulia. Ndivyo alivyo. Hutafsiri kwanza, husikia baadaye.

Jumamosi, 4 Oktoba

Jumamosi ni siku ya shemeji. Ni mjane wa kaka yangu mkubwa, anakaa ng'ambo ya reli, na kila Jumamosi saa sita hupanda ghorofa zetu nne, lifti iwe nzima au imekufa, akiwa na mfuko wa machungwa na maneno ya kutosha wiki nzima. Tangu mke wangu afariki miaka sita iliyopita nimebakiwa na watu wawili wa kuzungumza nao Kiswahili. Binti yangu hukitumia kama vyombo vya wageni: hukitoa kabatini kwa uangalifu, kisha hukirudisha. Shemeji hukitumia kama kijiko.

Nilimpa habari ya barua. Akacheka mpaka akakohoa. Yeye lugha ya hapa aliijua mwaka wa pili tu, alipokuwa akisafisha maofisi.

"Miaka yote hii unaringa na vitabu, shemeji, kumbe hata chumvi huwezi kuomba."

"Chumvi naomba. Kinachonishinda ni kueleza naitakia nini."

"Basi kula bila chumvi. Kwa umri wako, daktari atafurahi."

Kisha akatazama dirishani. Nilijua linalokuja. Kila mwaka mvua ya kwanza ikinyesha huniomba kitu kilekile, maana siku ile tuliyokimbia kwetu nayo ilikuwa ya mvua.

"Hebu niambie tena kaka yako alivyosema."

Nikamwambia. Lori lilikuwa limesimama nyuma ya ghala. Shemeji na wanawe walikuwa wametangulia wiki mbili kabla. Kaka akaweka mkono kwenye bodi ya lori, akasema: Mtu mzima hakimbii nyumba yake. Nendeni. Mimi nitabaki niwashe taa. Shemeji husogeza midomo pamoja nami, kama watoto wanaokariri. Juu ya mlango wake kuna balbu ambayo haizimwi, mchana wala usiku. Wanaume watatu walimposa katika miaka hii, wawili kati yao watu wa maana, na wote aliwajibu kwa sentensi hiyo ya taa.

Ni sentensi nzuri. Najua, kwa sababu niliitunga mimi.

Jumapili, 5 Oktoba

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, ni mtu wa hapa. Mimi humwita Bwana Sawasawa, kwa sababu hilo ndilo neno pekee la Kiswahili alilolishika, na hulitumia kwa salamu, kwa asante na kwa pole. Leo binti yangu akiwa kazini, amenikalisha mezani mbele ya kishikwambi chake cha zamani na kuniwekea mwalimu: akili mnemba, ndivyo wanavyoiita. Unazungumza, inakujibu. Alijaza majina, akabonyeza hapa na pale, kisha akanieleza jambo refu huku akinionyesha kishikwambi, halafu simu yake, halafu kishikwambi tena. Nikaitikia kwa kichwa.

"Sawasawa?" akauliza.

"Sawasawa," nikasema.

Miaka thelathini na minne nimeitikia kwa kichwa.

Jumanne, 7 Oktoba

Mwalimu ana sauti ya mwanamke wa miaka thelathini aliyelala vizuri. Nikikwama huniambia kwa Kiswahili, na Kiswahili chake ni kama shuka lililopigwa pasi: limenyooka, halina mkunjo hata mmoja, na hakuna aliyewahi kulilalia. Hanikasirikii. Nimekosea neno moja mara tisa, na mara zote tisa ameniambia nimekaribia. Nilisomeshwa na watu waliokuwa na viboko, na sikumbuki kama nimewahi kufundishwa kwa upole kama huu. Ila upole huu haumgharimu kitu, na hilo pia lasikika.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mvua. Somo la sokoni. Nimenunua nyanya zisizokuwepo kwa muuzaji asiyekuwepo. Akanishukuru.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mwalimu ameniuliza nilifanya kazi gani. Nyumbani nilikuwa nikisoma prufu katika kiwanda cha uchapaji, yaani nilisaka makosa ya watu wengine kabla hayajachapwa. Hapa nilifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye chumba cha udobi cha hospitali, chini ya ardhi, pamoja na watu wa kwetu watupu. Ndiyo maana lugha haikuniingia. Maneno niliyoyahitaji kule yalikuwa manne: moto, baridi, haraka, damu. Shuka lenye damu hulitii kwenye maji ya moto, maana moto huigandisha damu na doa halitoki tena. Huanza na baridi. Nilitaka kumweleza mwalimu hilo na nikaweza, kwa maneno yaleyale manne na mengine sita mapya. Nilijisikia fahari ya kijinga.

Jumamosi, 25 Oktoba

Shemeji ametaka kumwona "bibi harusi wako wa kioo". Akaketi mbele ya kishikwambi, akamenya chungwa, akakisemesha lugha ya hapa kwa kasi ya mtu aliyegombana na mameneja. Mwalimu akamsifu.

"Anasifu kila kitu?" akaniuliza.

"Kila kitu."

"Basi huyo si mwalimu, ni mwanasiasa."

Alipoondoka aliniachia machungwa matatu na kunishika bega mlangoni. "Utafaulu, shemeji. Wewe ni ndugu yake yule." Nimekaa na kauli hiyo kutwa.

Jumatatu, 3 Novemba

Leo tumeanza zile dakika tatu. Mwalimu aliniambia nichague tukio muhimu. Nikachagua lori, bila kufikiri. Ndiyo hadithi pekee niliyoisahihisha kwa miaka mingi, nayo haina kosa hata moja. Tena nilijiambia: ofisa gani atamnyima ukaazi mdogo wa shujaa?

Ikagoma kuvuka. Nikasema kaka yangu hakimbii nyumba. Mwalimu akauliza kama nyumba ilikuwa inaungua. Nikasema hapana, mtu mzima, nyumba yake, hakimbii. Akauliza kama kaka alikuwa na maumivu ya miguu. Nikajaribu ile ya taa, akanifundisha jina la swichi.

Nilizima kishikwambi, nikacheka peke yangu jikoni. Halafu nikaacha kucheka.

Jumatano, 5 Novemba

Niandike ilivyokuwa, kwa utaratibu.

Saa nne asubuhi, nyumba tupu, nguo zikikauka kwenye korido kwa sababu ya mvua. Mwalimu akasema tuache methali, tutumie sentensi fupi: yeye ataniuliza, mimi nitajibu. Ndivyo anavyomsaidia mtu aliyekwama. Hakuna hila ndani yake. Angeuliza hivyohivyo kuhusu safari ya bustanini.

Ulikuwa wapi? Nilikuwa ndani ya lori.

Ulikuwa na nani? Mke wangu. Mtoto wangu. Watu wengine.

Kaka yako alikuwa wapi?

Nilikitazama kishikwambi mpaka kioo kikafifia. Kwa Kiswahili swali hilo nimelijibu mara mia, na kila mara maneno yalikuja yamevaa vizuri. Kwa lugha hii sina nguo za kuyavika. Ninajua majina ya vitu, ninajua kwenda, kurudi, kuchukua, kutuma, kusema. Kuusema uongo wangu kunataka msamiati ambao sitaupata hata nikiishi miaka mingine thelathini. Ukweli ulitaka vitenzi sita, na vyote sita tulikuwa tumeshajifunza.

Kaka yangu alikuwa nyumbani.

Kwa nini? Alikwenda kuchukua karatasi zangu.

Nani alimtuma? Mimi.

Kisha nini kikatokea? Dereva aliuliza: mmetimia?

Wewe ulisema nini?

Nilisema: tumetimia.

"Vizuri sana," mwalimu akasema. "Sentensi zako ni fupi na zinaeleweka. Je, ungependa kuongeza vivumishi?"

Karatasi zile zilikuwa prufu za kamusi niliyoifanyia kazi miaka minne. Nilizisahau chini ya kitanda, nikasema siwezi kuziacha. Kaka alisema, acha, nitazifuata mimi, wewe una mtoto. Risasi zilikuwa zinasikika upande wa stesheni. Dereva hakutaka kusubiri mtu, na watu ndani ya lori hawakutaka asubiri, wala mimi sikutaka. Habari ya kifo chake ilitufikia baada ya miezi mitatu. Majirani walimzika uani. Marehemu mke wangu alikuwa pembeni yangu, alinisikia nikijibu, na akakaa na neno hilo miaka ishirini na minane mpaka akaingia nalo kaburini. Siku nilipomsimulia shemeji ile hadithi ya taa kwa mara ya kwanza, mke wangu aliinuka akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Mwalimu hakuniuliza kama nilimwona kaka akirudi. Angeuliza ningejibu. Neno kuona tulijifunza wiki ya kwanza.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimelala mchana kama mtu aliyebeba magunia. Nilidhani ningejuta. Nimejisikia mwepesi, nayo ni aibu ya pili.

Jumamosi, 8 Novemba

Tulikuwa wanne mezani. Supu, mkate, machungwa ya shemeji. Mvua ilikuwa imepungua, na Bwana Sawasawa alikuwa na furaha. Alitoa simu yake, akaiweka kando ya sahani, akasema kwa lugha ya hapa kwamba ripoti ya wiki ya Mzee imekuja.

Ndipo nikaelewa alichonieleza ile Jumapili, kidole kikienda kwenye kishikwambi na kurudi kwenye simu. Kila nilichokisema kilikuwa kinamfikia.

Hana kosa. Miaka yote amekaa mezani hapa huku sisi tukisimulia kwa Kiswahili habari ya lori, akitabasamu pale tunaponyamaza. Hakujua hadithi ipi ni ipi. Alisema Mzee amepata alama tisini na moja. Alisema ni kisa cha kusikitisha lakini sentensi zimenyooka, sikilizeni. Akasoma.

Nilimwelewa. Katika nyumba hii, ile ilikuwa mara ya kwanza kuelewa mazungumzo ya mezani mwanzo mpaka mwisho, na sikumhitaji mtu. Shemeji naye hakumhitaji mtu. Alikuwa anamenya chungwa, ganda likishuka utepe mmoja, na nikaona kisu kikisimama. Lakini binti yangu, kwa mazoea ya miaka yote, alikuwa ameshainamisha kichwa upande wangu na kuanza kunitafsiria maneno yangu mwenyewe.

"Anasema kaka yako alikuwa nyumbani. Alikwenda kuchukua karatasi zako. Anasema ni wewe uliyemtuma. Dereva akauliza, mmetimia? Ukasema, tumetimia."

Sauti imetulia, neno kwa neno. Halafu akafika mwisho wa sentensi.

Mkwe alitutazama mmoja mmoja. "Sawasawa?" akauliza.

"Alikwenda kuchukua nini?" shemeji akaniuliza.

"Prufu."

"Za nini?"

"Za kamusi."

"Kamusi," akasema, kama anayeonja kitu. Akaliweka chungwa kwenye sahani, nusu limemenywa. "Na ile ya taa?"

Nikaanza kukata mkate ambao hakuna aliyeuomba.

"Nimekuuliza, shemeji. Ile ya taa. Ilisemwa au haikusemwa?"

"Haikusemwa."

"Aliitunga nani?"

"Mimi."

Akafuta vidole kimoja kimoja. "Nzuri," akasema. "Hakika wewe umesoma."

Nilikuwa nimejiandaa kwa moto miaka thelathini na minne. Alinipa baridi. Binti yangu alimfuata mpaka kwenye ngazi akimwita mama mkubwa, mama mkubwa, na nikasikia viatu vyake vikishuka ghorofa zote nne bila kuharakisha.

Jumapili, 9 Novemba

Binti yangu aliingia chumbani kwangu, akakaa kwenye kiti cha nguo.

"Mama alijua?"

"Alijua."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Umelala mapajani mwake."

"Mngesubiri, tungekufa?"

"Sijui."

"Baba, jibu."

"Sijui. Ingekuwa dakika nne. Labda dakika nne zisingetuua."

Akainuka. "Nimemwambia mimi," akasema. "Kwa mdomo wangu."

"Wewe ulitafsiri tu."

"Ndiyo kazi uliyonipa," akasema, akatoka.

Jumamosi, 15 Novemba

Saa sita. Saa saba. Lifti ni nzima leo.

Jumatatu, 17 Novemba

Mkwe amenitafuta jikoni. Ameambiwa sasa. Alitaka kusema kitu na hakuwa na neno, akasema lile alilonalo. Nilimjibu kwa lugha yake: si kosa lako, niliitikia kwa kichwa. Akashangaa jinsi nilivyolisema vizuri. Akatoka haraka, kama aliyemwona mtu uchi.

Jumamosi, 22 Novemba

Hakuja. Mvua.

Jumatano, 26 Novemba

Nimemuuliza mwalimu, kwa lugha ya hapa: mtu akiomba msamaha baada ya miaka mingi, asemeje? Alinipa njia tano, kwa mpangilio, kuanzia ya kawaida mpaka ya heshima, na akaniuliza ni ipi ningependa kuifanyia mazoezi. Nikachagua ya nne. Tukaifanyia mazoezi. Matamshi yangu ni mazuri.

Ningeweza kumpigia shemeji simu kwa Kiswahili, lugha ambayo watu walinilipa niwasahihishie. Nimeshika simu mara tatu. Kila sentensi inayonijia ni nzuri mno, na yeye sasa anajua mimi hufanya nini na sentensi nzuri.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimekula chungwa la dukani. Halikuwa na kosa lolote.

Jumamosi, 6 Desemba

Binti yangu huenda kwake Jumatano baada ya kazi. Nimeuliza kama ananitaja. "Hakutaji," akasema. Nikauliza wanazungumza nini. "Kaka yako. Anataka nimwambie kila kitu ninachokumbuka. Nilikuwa na miaka mitano, baba. Nakumbuka alivaa soksi za kijivu."

Sikuzikumbuka soksi hizo. Ni kweli, zilikuwa za kijivu.

Alhamisi, 11 Desemba

Chumba namba sita. Meza, viti viwili, saa ya ukutani, ofisa mwanamke wa makamo mwenye penseli na mafua. Maswali ya kawaida yalikwenda vizuri. Kisha akageuza saa ndogo ya mezani inielekee, akasema dakika tatu, Mzee, tukio lolote.

Nilikuwa nimeandaa habari ya udobi na maji ya baridi. Ni salama na inachekesha. Nilifungua mdomo, ikatoka ya lori.

Nilisema yote niliyomwambia mwalimu, kisha nikaendelea. Nilisema: nilimwona. Alikuwa barabarani, anakimbia. Alikuwa na karatasi zangu chini ya shati kwa sababu ya mvua. Aliinua mkono. Mimi niligonga bati la lori mara mbili, kumwambia dereva twende.

Penseli ikasimama. "Aliinua mkono kukuaga?" akauliza.

"Hapana. Kutusimamisha."

Akatazama saa. Zilikuwa zimebaki sekunde arobaini, akaziacha zipite. Kisha akapiga chafya, akaomba radhi, akaandika. Alisema sentensi zangu ni rahisi ila zinaeleweka, na kwamba cheti kitakuja kwa posta. Mtu wa kwanza kuusikia ukweli wote, na alikuwa analazimika kuupa alama.

Jumatano, 17 Desemba

Cheti kimefika. Mkwe amekipigia picha. Mwalimu, alipoambiwa, ameniuliza kama ningependa kuanza kiwango kinachofuata.

Jumamosi, 20 Desemba

Shemeji ana haki ya kujua ule mkono. Wanayoyaweka pamoja na binti yangu siku za Jumatano, soksi kwa soksi, hayawezi kukamilika bila huo mkono, na mwenye nao ni mimi peke yangu. Saa sita mchana nilivaa koti, nikavuka daraja la reli kwa miguu. Njia nzima nilikuwa naiandaa habari hiyo kwa Kiswahili, nikiivua kila neno lililopendeza, mpaka ikabaki fupi kama nilivyomwambia yule ofisa.

Juu ya mlango wake balbu ilikuwa imezimwa.

Niligonga. Mlango ulifunguka upana wa mnyororo. Alikuwa na kisu kidogo cha kumenyea, na nyuma yake nyumba ilinuka machungwa. Alinitazama usoni, vizuri, bila haraka, kama mtu anayehakikisha jina kwenye barua. Nikasema, "Shemeji."

Akanijibu kwa lugha ya hapa. Alitumia sauti ile aliyokuwa akiwatumia mameneja wa maofisi, safi, ya heshima, isiyo na mwanya.

"Habari za mchana, bwana. Nikusaidie nini?"

Miaka yote hii, kati yangu na yeye, lugha hiyo haikuwahi kupita hata mara moja. Nikamjibu kwa lugha hiyohiyo, maana ndiyo aliyoniachia. Nikasema nimekuja kumwambia jambo kuhusu mume wake.

"Samahani, bwana," akasema. "Umepotea mlango. Hapa hakuna mtu anayekufahamu."

Akafunga, polepole, na nikasikia mnyororo ukitulia.

Nilielewa kila neno. Sikuhitaji mkalimani.